Masta ngapi zinaleta laki tano kamili kwa mwezi? Kiwanja 20 × 20 Chanika, milioni 32 mkononi

Mchanga_na_Kokoto:
Wakuu, habari za jioni. Kiwanja kipo Chanika, Dar es Salaam, mita 20 kwa 20, kimepimwa, na kituo cha daladala ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Pesa taslimu ipo milioni 32. Lengo ni pango liache laki tano mkononi kila mwezi baada ya makato yote, ili mshahara uwe wa akiba tu. Masta za pale (chumba, choo ndani, kajiko kadogo) zinapangishwa 90,000. Hesabu yangu: 6 × 90,000 = 540,000, lengo limevukwa.

Fundi anasema tunyanyue vyote sita mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) kwa hii pesa, halafu nikope SACCOS niezeke na kumalizia. Naomba kujua: hesabu ya sita iko sawa? Nimsikilize fundi? Na ni kitu gani kinasumbua kwenye nyumba za kupangisha ambacho kwenye ramani hakionekani?

HesabuKwanza:
Mkuu, sita haitoshi. Hapa nitasema "pango" kwa hela ya mpangaji na "kodi" kwa ya serikali, maana neno moja kwa vitu viwili limeshavuruga hesabu za watu wengi.

Chukua vyumba vinne, ni rahisi kukokotoa. 90,000 × 4 × 12 = 4,320,000 kwa mwaka. Sasa toa:

– Kila chumba kukaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka (mpangaji katoka, unapaka rangi, dalali anatafuta mwingine): 360,000. Inabaki 3,960,000.
– Kodi ya pango asilimia 10: 396,000. Inabaki 3,564,000.
– Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla), 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini: 18,000. Inabaki 3,546,000.
– Matengenezo (koki, vitasa, bomba la sinki, rangi): weka 350,000. Inabaki 3,196,000.
– Gari la kunyonya majitaka mara mbili, tuseme 90,000 kila safari: 180,000. Inabaki 3,016,000.

Gawa kwa vyumba vinne na miezi 12: kama 62,800 kwa chumba. Laki tano gawa kwa hiyo unapata vyumba 8. Sita vinakupa 377,000 hivi. Ukikopa ili umalizie, rejesho linatoka kwenye hiyo hiyo 377,000.

Kingine ambacho watu hawapendi kukisikia: vyumba vinne vikigharimu milioni 30 na kiwanja kina thamani ya milioni 8, mtaji ni milioni 38 na faida yako ni karibu asilimia 8 kwa mwaka. Hati fungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 mwaka 2021, ikashushwa hadi 12.56 mwaka 2022. Hata hiyo ya chini ingeleta zaidi ya milioni 4.7 kwa mtaji huo, bila mpangaji wala koki. Nyumba ina faida yake: pango linapanda na bei za vitu, ardhi nayo inapanda, wakati riba ya hati fungani imeganda palepale mpaka mwisho. Ila usijenge ukiamini pango ndilo linalolipa kuliko vyote mwaka wa kwanza. Halilipi.

FundiNondo:
Nijibu la pili. Usinyanyue sita. Boma (kuta zisizoezekwa) halilipi pango, na boma lililokaa misimu miwili ya mvua bila bati linaliwa: lenta inaota kutu pale zege lilipobana nondo vibaya, tofali za juu zinalowa, na mbao za fremu zinapinda. Jenga vinne, uvimalize mpaka kitasa. Vinne vya pili vifuate kwa hela ya vya kwanza. Kinachotakiwa kufikiria vinane tangu siku ya kwanza ni shimo la majitaka, bomba kuu la kwenda huko, na mahali utakapoweka jengo la pili. Hivyo vikikosewa mwanzo, kurekebisha ni kubomoa.

Vipimo vinavyokaa vizuri kwenye kiwanja chako: chumba 3.6 × 3.3, nyuma yake choo na jiko vikigawana kina cha mita 2.1. Vinne mstari mmoja ni kama mita 15.2 kwa 6 pamoja na kuta, kwa hiyo pembeni unabaki na zaidi ya mita mbili kila upande. Pata kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kuchimba, na waulize umbali wa kuacha na barabara kwa eneo lako.

Tofali za inchi 6: urefu wa kuta zote ni karibu mita 80. Kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, ni mita za mraba 205, na kila mita inakula tofali 10. Hizo ni 2,050. Msingi kozi nne za kulaza ni kama 700. Weka na za kuvunjika, agiza 2,900.

Hapa ndipo wizi mkubwa ulipo, na hauonekani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6, ni tofali. Kwa 2,900 unahitaji mifuko kama 90. Mfyatuaji akitoa 50 kwa mfuko anatumia 58, na mifuko 32 imeondoka. Ukiweka 17,000 kwa mfuko hiyo ni 544,000. Fyatulia hapohapo saiti kwako, hesabu mifuko mitupu kila jioni, mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, usijengee kabla ya siku 14. Jaribio la haraka: loweka tofali usiku kucha, asubuhi lidondoshe toka usawa wa kiuno kwenye udongo. Likisambaratika, mzigo wote huo urudi.

Lenta izunguke kuta zote, si juu ya milango tu: nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Ukuta wa kati ya vyumba upande mpaka kwenye bati. Wengi wanaukatia kwenye usawa wa dari ili kuokoa tofali mia hivi, matokeo yake mpangaji wa namba 2 anasikia redio, mtoto na ugomvi wa namba 3. Watu wanahama kwa sababu hiyo na hawakwambii.

Vyoo vipange viwili viwili vikipeana mgongo. Bomba linakuwa moja, na choo cha mtu hakigusi ukuta wa kitanda cha jirani. Ukuta wa choo unaopakana na chumba ndio unaooza rangi: weka dawa ya kuzuia maji kwenye plasta kabla ya vigae, na vigae vifike angalau mita 1.5 upande wa kuogea.

Kwetu_Buza:
Mimi ningeweka fremu mbili za duka mbele, unapata mara mbili ya hiyo.

HesabuKwanza:
@Kwetu_Buza kwenye lami sawa. Dakika saba ndani ya mtaa, fremu inaweza kukaa tupu hata mwaka, wakati chumba kinapata mtu ndani ya wiki mbili. Halafu mpangaji wa biashara anatakiwa kukata ile asilimia 10 yeye mwenyewe na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato), kwa hiyo unapokubaliana naye bei, sema wazi kama ni kabla au baada ya makato. Ugomvi mwingi wa fremu unaanzia hapo.

MamaPango:
La tatu nimeachiwa mimi. Kinachowaondoa wapangaji ni umeme, maji na choo. Bei ya chumba inakuja baadaye.

Umeme: kila chumba LUKU yake, mwanangu, hata kama kuunganisha ni ghali. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya makato. Akizidi mara kwa mara, anahamia kwenye 292. Vyumba vinne vyenye friji, kila kimoja kikila uniti 40, kwenye mita moja ni uniti 160: wote wanalipa bei ya juu. Hesabu ya mtu mmoja inakuwa 11,680 badala ya 4,000, na hapo hujaongeza kelele za "nani kawasha pasi". Sabmita (mita ndogo ya ndani kwa kila chumba) zinamaliza kelele tu, bei inabaki ya juu. Ukishaweka LUKU nne, nenda TRA kodi ya jengo ibaki kwenye mita moja, isikatwe mara nne.

Maji: tenki la lita 2,000 juu ya mnara kwa vyumba vinne, na sabmita kila chumba. Bili ya maji ya kugawana sawa kwa vyumba inafanya mwenye watoto wanne na anayeishi peke yake walipe sawa. Hawakai pamoja miezi sita.

Mkataba uwe wa maandishi hata kwa mtu uliyeletewa na shangazi. Pango la miezi mitatu mbele, amana ya mwezi mmoja, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mdhamini, na ukurasa wa pili wenye orodha: koki ngapi, kitasa aina gani, kioo kizima au kina ufa, piga na picha mbele yake. Bila huo ukurasa amana haina kazi, kwa sababu siku ya kuondoka kila kitu "nilikikuta hivyo". Mjulishe na mjumbe. Miezi sita mbele naiogopa: mwenye nyumba anaila yote wiki ya kwanza, mwezi wa pili pampu inakufa, hana hela. Kama ukichukua, ihamishie akaunti nyingine uwe unajilipa mwezi kwa mwezi.

Akigoma kulipa, usikate umeme wala kung'oa mlango. Hapo kosa linahamia kwako. Mpe notisi ya maandishi kama mkataba unavyosema, shahidi awe mwenyekiti wa mtaa, akikaidi peleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Pandisha pango kidogo kila mkataba ukiisha, au usipandishe kabisa kwa mtu anayelipa kwa wakati. Nyongeza ya 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka. Akihama na chumba kikakaa mwezi kitupu, umepoteza 90,000, rangi bado, na fundi koki hajaja.

Mchanga_na_Kokoto:
Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mama. Nimeshamwambia fundi vinne. Swali la mwisho: kwenye kona ya chini udongo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama siku mbili. Septiki (tenki la majitaka) nilipanga kuiweka hapohapo kwa sababu ndiko kiwanja kinakoelekea.

FundiNondo:
Simama kwanza hapo. Hili ni kubwa kuliko yote tuliyoandika juu.

Tenki lenyewe halina shida na mfinyanzi. Kwa vyumba vinane, mita 3 × 1.5 na kina cha maji mita 1.5, ligawanywe sehemu mbili ndani, ya kwanza theluthi mbili. Tatizo ni shimo la kunyonya linalofuata. Maji yakikosa pa kwenda, yanarudi kwenye vyoo vya ndani, na wa kwanza kufurikiwa ni chumba kilicho karibu na tenki.

Pima hivi, tena Aprili masika ikiwa imekolea, usipime Septemba. Chimba shimo la kina cha mita moja pale unapotaka maji yanywee. Jaza maji, yaache yanywee usiku. Kesho jaza tena, simamisha rula, angalia maji yanashuka sentimita 2.5 kwa dakika ngapi. Chini ya 30, endelea kwa amani. Ikipita 60, shimo la kunyonya halifai hapo. Rudia kona ya juu; mara nyingi ndani ya kiwanja kimoja udongo ni tofauti kabisa.

Kona ya juu ikifaa, jengo likae juu zaidi kwa kifusi. Bomba la inchi 4 linashuka sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 za bomba zinahitaji sentimita 30 za mteremko, na chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia) kila linapopinda. Tenki liwe upande wa barabara, gari lisogee.

Zikikataa kona zote, usidanganywe na tenki la kuziba la kunyonya kila likijaa. Watu 10, lita 70 kila mmoja, ni lita 700 kwa siku. Tenki la lita 6,750 limejaa kabla ya siku 10. Safari tatu kwa mwezi kwa 90,000 ni 270,000, na vyumba vinne vinaingiza 360,000. Hapo afadhali mtaro mrefu wa kunyonya juu ya mchanga wa kuletwa, vyumba vibaki vinne, na mpango wa vinane uhamie kiwanja kingine.