Satchel Paige, Hilton Smith au Smokey Joe Williams: fainali ungempa nani mpira?

Mzee_Kipanga: Wadau wa besiboli, nalinganisha warushaji watatu (wanaomrushia mpigaji mpira) wa Ligi za Weusi za Marekani, zama ambazo ligi kuu ziliwafungia Weusi mlango hadi 1947. Mimi namchagua Satchel Paige. Alianzia Chattanooga 1926, akapita Birmingham, Pittsburgh na Kansas City Monarchs, ndipo Cleveland Indians wakamchukua Julai 1948 akiwa na miaka 42. Msimu huo alishinda mechi 6, akapoteza 1, na timu ikabeba ubingwa. Umri ambao wenzake wameshastaafu!

Binti_Pangani: Shikamoo mzee. Hilton Smith anapunjwa mno. Pale Monarchs watu walilipa kiingilio wamwone Satchel, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye aliyeanza. Akirusha raundi tatu kati ya tisa za mechi anapumzishwa, sita zilizobaki anazibeba Hilton. Kesho mji mwingine, mambo yaleyale. Jina kwenye matangazo ni la Satchel, kazi kubwa ya jioni ni ya Hilton. Na mpira wake wa kupinda ulihesabiwa kati ya mikali kabisa ya ligi zile. Satchel aliingizwa Cooperstown, kwenye Jumba la Magwiji wa besiboli, 1971. Hilton? 2001, alipokuwa ameshafariki karibu miaka 18. Inaniuma.

Mkaazi_KC: Kweli tupu. Tena Hilton ndiye aliyempendekeza Jackie Robinson, yule aliyeufungua mlango wa ligi kuu 1947, kwa J. L. Wilkinson, mwenye Monarchs.

Juma_Mbezi: Na Smokey Joe je? Agosti 1930, Kansas City, usiku, chini ya zile taa ambazo Wilkinson alizisafirisha kwa malori, mtu aliyekwisha kuvuka 40 aliwatoa wapigaji 27 wa Monarchs kwa straiki, yaani bila kuupiga mpira, katika raundi 12, maana tisa za kawaida ziliisha sare. Timu yake, Homestead Grays, ikashinda 1-0. Chet Brewer, aliyepoteza, naye aliwatoa 19! Mwaka 1952 gazeti la Pittsburgh Courier lilipigisha kura ya mrushaji bora wa Ligi za Weusi, Joe akampita Satchel 20 kwa 19.

Mzee_Kipanga: Marahaba binti. Juma, hiyo ni kura moja tu. 1965, akiwa na miaka 59, Satchel alirusha raundi tatu dhidi ya Boston bila kufungwa bao. Aliyempata kwa pigo ni Carl Yastrzemski peke yake.

Binti_Pangani: Hilo silipingi, mzee. Ila umeuliza fainali, na fainali ni raundi tisa. Nampa Hilton aanze, na safari hii amalize mwenyewe.