Saadani: tulale ndani ya hifadhi au tubaki Ushongo?

binti_chumbageni
Assalam aleikum wadau. Likizo ya Juni nataka kumpeleka mama Saadani pamoja na wanangu, miaka 6 na 9. Mama ni mzaliwa wa Pangani, kazeekea huku pwani, na tembo kamwona kwenye televisheni tu. Magoti yanamsumbua, gari likitikisa sana anaumia. Mume wangu anataka tulale Ushongo, ufukweni nje ya hifadhi, tuingie hifadhini asubuhi na jioni turudi, eti nafuu. Mimi moyo wangu uko ndani. Mliofika mnasemaje?

dereva_wa_pwani
Waaleikum salaam dada. Napeleka wageni huko, na kwa bibi mwenye magoti nasema laleni ndani, hata usiku mmoja. Mkitoka Ushongo, mpaka mpite Mkwaja na kumaliza malipo getini, jua limeshapanda, wanyama wamejificha kivulini. Bibi atatikiswa njia nzima aje aone vichaka. Akilala ndani, anakunywa chai yake na muda si mrefu yuko mbele ya twiga, kongoni na kuro. Akichoka, anarudishwa kupumzika.

Halafu kiingilio ni cha saa 24. Ukiingia saa 8 mchana unazunguka jioni, na kesho asubuhi unazunguka tena kwa malipo yaleyale. Anayetoka na kurudi kesho analipa upya. Ada ya kulala ipo, lakini shemeji apige hesabu zote mbili kwanza. Na si lazima hoteli za watalii: ulizieni mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mbebe na chakula chenu.

mwalimu_mkwaja
Watoto je? Usiku hifadhini hawatoki nje kucheza, wanyama wanapita hapohapo. Ushongo wana mchanga na maji ya kutosha. Halafu mbung'o! Ile ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja iliyofungwa mwaka 2000 ilisumbuliwa sana na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o hao. Msivae bluu wala nyeusi, inawavuta.

dereva_wa_pwani
Mwalimu kasema kweli. Basi anzeni Saadani bibi akiwa bado na nguvu, Ushongo iwe wakati wa kurudi Tanga, watoto waogelee watakavyo. Na dada, usikose boti ya Mto Wami. Bibi anakaa tu, viboko na mamba anawaona kutoka kwenye kiti chake. Kwa magoti yale hakuna kinachoshinda hicho.

binti_chumbageni
Allah akulipe kaka. Hapo kwenye boti umenimaliza, nimemsomea mama kafurahi mno. Barabara Juni inapitika?

dereva_wa_pwani
Masika yakichelewa kuisha, ule udongo mweusi unanasa gari. Chukueni gari la kuvuta magurudumu yote, na mpige simu hifadhini kabla ya kuondoka. Bibi abebe kitambulisho cha NIDA na watoto vyeti vya kuzaliwa, ili mlipe bei ya Mtanzania.