HR wa kazini wanasema nilidanganya: uvimbe wa baba haukuwa saratani

Mama Tasha, Minnesota
Hamjambo wote. Naandika haraka kabla ya zamu ya usiku. Baba yangu kule Nakuru alianza kuwa manjano machoni, mkojo kama strungi, akijikuna hadi ngozi ikachubuka. Skani ikaonyesha kitu shingoni mwa kibofu cha nyongo na mirija imepanuka. Daktari akajaza WH-380-F, ile fomu ya kuombea likizo ya kuuguza ndugu, kwamba wanashuku saratani. HR wakanipa FMLA, likizo ya kisheria ya Marekani ya kuuguza familia, nikasafiri, mzee akapasuliwa. Baadaye majibu ya maabara yakaja: adenoma ya mrija wa nyongo, si saratani. Tulilia pale nje mimi na dada zangu mpaka muuza njugu akatupa pole, akidhani tumefiwa.

Sasa nimerudi nakuta barua: eti maelezo yangu yanakinzana, nilete cheti kipya ndani ya siku 15, la sivyo siku 24 nilizokaa huko ni utoro. Barua ina tarehe 2, mimi nimeipata tarehe 11. Swali ni moja tu: siku 15 zinahesabiwa tangu lini?

Baba Kevo, Lowell
Pole dada. Hakikisha cheti kina mhuri wa wakili wa Kenya, bila huo wataitupa. Mimi nilizungushwa miezi miwili na kampuni yangu ya zamani kwa sababu ya mama.

Nyar Kisumu, Dallas
Baba Kevo, mhuri umeutoa wapi? Cheti cha daktari wa nchi aliko mgonjwa wanapaswa kukikubali. Wakitaka tafsiri, ni kama hakiko kwa Kiingereza. Tusitishane bure.

Mama Tasha, mzee alilazwa, sivyo? Kulala hospitali usiku mmoja tu kunatosha kuhesabiwa ugonjwa mzito, uwe saratani usiwe. Mimi niko chumba cha upasuaji miaka 11. Kitu kikiota pale mrija unapokutana na kibofu, skani haiwezi kukitaja jina. Hata wakipitisha brashi kwa ERCP, ule mpira wenye kamera unaopitia mdomoni hadi kwenye mirija ya nyongo, huokota seli chache tu, na wakikosa haimaanishi hakuna. Mara nyingi jina hutoka kwenye darubini, mtu ameshashonwa. Daktari wako aliandika "wanashuku". Hakudanganya.

Mzee wa Free Area, Tacoma
CA 19-9 yake, kile kipimo cha damu cha kutafuta saratani, ilikuwa ngapi? Ya shemeji yangu ilipanda sana, ukoo ukaanza kunong'ona habari za ng'ombe wa matanga. Kumbe ni jiwe! Leo anakula kuliko mimi.

Nyar Kisumu, Dallas
Nyongo ikiziba hiyo hupanda hata bila saratani, mzee wangu. Na wapo watu wasioitengeneza kabisa kwa damu waliyozaliwa nayo. Namba hiyo peke yake haimhukumu mtu.

Baba Kevo, Lowell
Ni kama mjomba wangu wa Kakamega basi. Kibofu kilitolewa kigumu kama soli ya kiatu, wakasema XGC. Kitu kilekile.

Nyar Kisumu, Dallas
SI kitu kilekile. XGC ni ukuta wa kibofu uliovimba kwa muda mrefu, mara nyingi kwa sababu ya mawe. Adenoma ni kinyama kinachoota ndani. Vyote hufanana na saratani kwenye skani, lakini adenoma ikiachwa inaweza kugeuka saratani kweli. Mama Tasha, uliza kama kingo za walichokata zilikuwa safi, bila mabaki ya uvimbe, na mzee asiache kliniki.

Mama Tasha, Minnesota
Asante, nitauliza. Lakini zile siku 15?

Mzee wa Free Area, Tacoma
Na bili? SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa?

Mama Tasha, Minnesota
Sehemu ndogo. Zilizobaki tulichanga kwa WhatsApp, hata jirani wa Section 58 alituma mia tano.

Baba Kevo, Lowell
Ndugu yangu anakatwa na hiyo SHA 2.75% ya mshahara wote kila mwezi, na akiugua anaambiwa mtandao uko chini. NHIF, ile bima ya zamani, ilikuwa na wezi wake lakini angalau tuliwazoea.

Nyar Kisumu, Dallas
Siasa pelekeni kwa uzi wa siasa.

Mzee wa Free Area, Tacoma
Mama Tasha, umetoka huko juzi, hebu tuambie. Flamingo wa ziwani bado wako? Mimi nilitoka Nakuru ikiwa mji, leo naambiwa ni jiji, na sijawahi kuliona jiji lenyewe.

Nyar Kisumu, Dallas
Sisi Kisumu ni jiji tangu 2001, na samaki wetu hatuli kwa macho kama hao ndege wenu.

Mama Tasha, Minnesota
Wako wachache. Baba alisema akipona tutaenda kuwaona, tukaishia kwenye kreta ya Menengai, akakaa kwenye gari na blanketi. Jamani, leo ni tarehe 13.

Mzee wa Free Area, Tacoma
Mungu amzidishie. Kabla sijasahau: kuna anayeshuka Nakuru mwezi ujao mwenye nafasi ya kilo mbili? Nina viatu vya mama.