Magoti ya mtoto yanagongana, fosfeti "kawaida": twende upasuaji?

Swali
Wakuu, msaada. Binti wa miaka 8, magoti yanagongana na yanazidi. Ni mfupi kuliko wenzake, na mama yake pia miguu imepinda. Vitamini D miezi sita, hakuna mabadiliko. Maabara wanasema kalsiamu ni sawa, fosfeti (madini ya mifupa) 0.9 mmol/L ni sawa. Kinachofuata ni upasuaji?

Jibu 1
Bado. Miaka 3 hadi 4 magoti kugongana ni kawaida, ila kufikia 7 huwa yamenyooka. Huyu kapitiliza, ni mfupi, na mama anayo. Fikirieni ya kurithi.

Hiyo 0.9 si sawa hata kidogo! Watu wazima ndio 0.8 hadi 1.5; mtoto wa umri huo anatakiwa awe juu ya 1.1 au 1.2 hivi. Rudieni asubuhi kabla hajala, damu na mkojo kwa wakati mmoja, fosfeti na kreatinini (taka inayotolewa na figo) kote kuwili, ijulikane kama figo ndizo zinazoimwaga. Chembe za damu zikipasuka kwenye chupa, fosfeti husoma juu kwa uongo. Pimeni na alkalini fosfatesi, kimeng'enya cha mifupa. Ikiwa juu, shuku kubwa ni riketsi (mifupa laini) ya kurithi ya jeni ya PHEX, ambayo vitamini D ya kawaida haiitibu. Wadogo zake nao wapimwe, maana kwa mama mwenye nayo ni nusu kwa nusu kila mimba.

Jibu 2
Eksirei ipigwe amesimama, kuanzia nyonga hadi vifundo, huku vifuniko vya magoti vikitazama mbele. Mguu ukigeuka kidogo, pembe inadanganya. Miisho ya mifupa ikiwa imepanuka na kuchanika kama brashi kuukuu, ni riketsi. Vipimo vya damu vikiwa sawa lakini vichwa vya mifupa ni vidogo na vimebonyea, kasoro iko kwenye mifupa yenyewe. Ikitokea ni Morquio, ugonjwa mmojawapo wa kurithi wa aina hiyo, shingo ipigwe picha kabla ya nusukaputi: pingili za juu hulegea.

Jibu 3
Upasuaji wenyewe kwa umri huu ni mdogo: kibamba na skrubu mbili upande wa ndani wa goti, upande huo usimame kukua, wa nje uendelee. Ila fosfeti kwanza, la sivyo mguu hunyooka kwa kusuasua na kupinda tena kibamba kikitolewa. Dawa ya fosfeti igawanywe mara 4 au 5 kwa siku kwa sababu baada ya saa chache huwa imeshuka, pamoja na kalsitrioli (vitamini D iliyo tayari kufanya kazi). Penye burosumab, dawa mahususi ya riketsi hii, ni sindano kila wiki 2, na hizo mbili huachwa. Viatu maalumu havinyooshi kitu.