Gozo au Larnaca? Mimi nazamia, mume wangu hazamii

BintiTudor
Wapenzi wa bahari, naombeni ushauri. Oktoba nina likizo ya siku sita. Kuzamia nilijifunzia Diani, cheti changu ni cha mwanzo, mwisho mita 18. Mume wangu haingii majini, yeye ni mtu wa majengo ya kale. Nimebaki na Gozo, kule Malta, na Larnaca, Kupro. Mngekwenda wapi?

MzeeMnarani
Larnaca, mwanangu. Meli ya Zenobia ilizama pale Juni 1980, safari yake ya kwanza, na malori zaidi ya 100 tumboni. Hakuna aliyekufa. Meli ina zaidi ya mita 170, imelala kwa ubavu wa kushoto, na kutoka bandarini ni dakika chache tu kwa boti. Nimeishukia mara mbili. Malori yamerundikana, magurudumu yameelekea huku na huku, na chini yake chewa wamejibanza. Sijaona kitu kama kile tena.

ZuhuraWete
Shikamoo mzee. Lakini dada kasema mita 18! Ubavu wa juu wa Zenobia unaanzia kama mita 16, mchanga uko 42. Mimi nilikwenda na cheti kama chake, nikaishia kuelea juu ya chuma huku wenzangu wakiteremka. Iliniuma sana.

Dada, nenda Gozo, uzamie Blue Hole ya Dwejra. Unatembea juu ya miamba mikali na mtungi mgongoni, kwa hiyo uwe na viatu vya soli ngumu. Unaingia kwenye kidimbwi cha mviringo, unashuka taratibu, na kama mita nane chini mwamba unafunguka kama mlango. Ng'ambo ni buluu tupu. Nilisimama hapo mlangoni mpaka kiongozi akanigusa bega. Lile tao maarufu, Azure Window, lilianguka tarehe 8 Machi 2017, na mawe yake sasa yamelala humo chini. Mumeo atakaa juu akikuona unaingia na kutoka, au apande mashua Inland Sea, zinapita ndani ya pango hadi bahari kuu. Halafu mpeleke Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyozidi miaka 5,000, ya kale kuliko piramidi za Giza.

Ila samaki wa Mnemba usiwatarajie. Hakuna miamba ya matumbawe kama yetu. Kuna mawe, majani ya bahari, pweza. Utamu wake ni mwanga.

Abu_Suhail
Larnaca nayo ina la kumpa mume. Kando ya ziwa la chumvi kuna Hala Sultan Tekke, kaburi la Umm Haram, sahaba aliyefariki kwa kuanguka kutoka kwenye nyumbu katika msafara wa karne ya 7. Tulisoma Fatiha pale, na utulivu wake ninao hadi leo.

BintiTudor
Ahsanteni nyote. Kaburi la Umm Haram limenigusa, lakini kwa cheti changu ni Gozo. Vipi baridi? Na upepo?

ZuhuraWete
Oktoba maji ni kama nyuzi 23, vaa suti ya milimita 5. Upepo ukitoka magharibi Dwejra haingiliki. Omba mpelekwe Mġarr ix-Xini, ghuba iliyojificha upande wa pili. Siku ya mwisho usizamie, acha angalau saa 18 kabla ya ndege. Hiyo iwe siku ya Valletta, mji mkuu wa Malta: mume akaione picha ya Caravaggio ya mwaka 1608 kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana. Na mtege masikio barabarani: kwa Kimalta bahari ni *baħar*, dunia ni *dinja*.