Naomba ushauri: programu ya kuandalia vikao vya Dungeons & Dragons

Habari zenu wanajamvi, naomba msaada, nimekwama.

Naongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi na kuigiza wahusika, toleo la 5, wachezaji watano, tunacheza mezani kwa dadu na karatasi. Tumefika kikao cha 14 na maandalizi yamenielemea: wahusika, vijiji, nani anamdai nani, vyote vimetawanyika kwenye madaftari matatu. Juzi mchezaji aliuliza jina la mganga waliyemwokoa zamani. Nikapekua dakika kumi, utamu wa simulizi ukakatika. Iliniuma, maana walikuwa wamezama kabisa.

Nilijaribu faili moja refu la maandishi, likawa msitu mwingine. Sasa naijaribu Obsidian, programu ya kuandika madokezo: naunganisha ukurasa wa mhusika na wa mji wake, na kila kitu kinakaa kwenye kompyuta yangu hata bila intaneti. World Anvil na Kanka, zana nyingine za kupangia simulizi kama hizi, ni za mtandaoni, na bando langu ni la kubana.

Mnaotumia Obsidian, mnafungua ukurasa kwa kila mhusika au kwa kila kikao? Na zamu za mapigano pamoja na pointi za uhai za mazimwi mnazifuatilia humo humo, au kwa programu nyingine nyepesi? Laptop yangu ina RAM ya GB 4 tu.