Tupeane uzoefu: ulijuaje kusoma? Wangu nimegundua anasoma picha

MamaWawili_Sombetini:
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la pili, shule ya serikali hapa Arusha. Kila jioni ananisomea ukurasa wa kitabu chake, anateleza kabisa, na mimi najisifu kwa majirani. Juzi namenya viazi huku namsikiliza, nikatua bakuli juu ya picha ya kuku bila kukusudia. Kimya. Nikaliondoa, akaendelea. Nikaziba tena, kimya. Kumbe amekariri! Akiona kuku anajua maneno yake, akiona mtungi anajua yake. Nikamwandikia "kuku" peke yake kwenye bahasha ya kaki, akasema "baba".

Sijaja kulaumu shule, darasani wapo zaidi ya mia na mwalimu ni mmoja. Nataka kujua nyie wenzangu herufi ziliwafungukiaje, na wenye watoto mnafanyaje nyumbani.

Kihamba_Kwetu:
Hahaha, huyo ni mimi kabisa. Old Moshi, miaka ya themanini mwanzoni. Sisi tulikuwa tunaimba: ba be bi bo bu, da de di do du, mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, darasa linanguruma mpaka wapita njia wanajua leo tumefika D. Nilikuwa mwimbaji hodari. Siku mkaguzi kaja, akaniwekea kidole kwenye "bo" tu. Nikaanza: ba, be, bi... bo! Akahamia "du". Da, de, di, do... du! Kila silabi mpaka niipandie ngazi kutoka chini. Mkaguzi alicheka. Mwalimu hakucheka, na yaliyofuata makalio yangu yanayakumbuka.

Kilichonifungua ni magazeti ya kufungia sukari. Nikitumwa robo dukani, narudi mdogo mdogo nasoma kile kipande. Habari haina mwanzo wala mwisho, picha imekatwa nusu, na hakuna wa kukuimbia. Siku nyingine sukari ilinimwagikia njiani kwa sababu nilitaka kuona upande wa ndani umeandikwa nini.

ShangaziRau:
Fimbo hizo ndizo zilizotufanya wengine tuone kitabu kama nyoka. Msizisifie.

Ticha_wa_Vizibo:
Mama Wawili, pole, ila umegundua mapema. Wengine wanagundua mtoto yuko la tano. Mimi nafundisha darasa la kwanza upande wa Ngaramtoni.

Wengi wetu tulifundishwa herufi kwa majina: a, be, che, de. Mtoto akikutana na "mama" anasema me-a-me-a, akiunganisha anapata "meamea", anakutazama kama wewe ndiye uliyekosea. Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 tunaanza na sauti. Mmm, midomo imefungwa, kisha unaachia aaa, inatoka ma. Hapo hata mtoto wa boma, nyumbani Kimaasai tupu, anasoma mstari mzima. Lakini muulize amesoma nini, anakuangalia tu. Kutamka amejua, Kiswahili chenyewe bado. Kwa hiyo picha si adui, inakuja baada ya neno, si kabla.

Nyumbani fanya hivi: okota vizibo vya soda, andika herufi kwa makapeni, moja kila kizibo. Ajenge "kata". Mbadilishie kizibo kimoja, iwe "pata". Kingine, "pita". Kingine, "pima". Hapo hawezi kukariri maana neno halitulii. Dakika kumi, akichoka mwache akacheze.

Wanapokwama zaidi ni mb, nd, ng, ny. Na tangu 2024 Kiingereza kinaanza la kwanza, basi wanakutana na "come" wanasoma "kome". Siwalaumu. Kiswahili kinasomwa kilivyoandikwa, hicho kingine kina mambo yake.

Mangi_wa_Mjini:
Wangu ni kinyume. Yuko English medium, Kiingereza anamwaga. Desemba tumepanda Machame, bibi yake kampa kadi ya harusi amsomee, macho hayaoni vizuri. "Saa nane mchana" dogo akasoma "saa nein". Bibi: saa ngapi? Nein. Bibi akaniangalia mimi, siyo mtoto. Ada ile yote!

Konda_Mstaafu:
Sijawahi kuyasema haya. Nilimaliza la saba sijui kusoma. Nilijua kunakili ubaoni, mwandiko safi, daftari linasifiwa. Nikaingia ukonda, Arusha–Moshi. Vituo viko kichwani: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, KIA, Boma Ng'ombe, Kwa Sadala. Gari likisimama natazama kibao. Hapa ni Kikatiti, nikajiambia, basi hii ya mwanzo ni "ki", inayofuata "ka", mbona zimeanza na mguu uleule? Na hizi mbili za mwisho pacha, lazima ni "ti". Kesho yake nikaikuta "ti" nyingine kwenye tangazo la matibabu. Abiria wananiita konda, konda, shusha! Mimi niko na "ti" yangu. Baada ya mwaka hivi nilikuwa nasoma kila ukuta barabara nzima.

ShangaziRau:
Konda umeniliza mchana wote huu.

MamaWawili_Sombetini:
Asanteni sana jamani. Vizibo nimevipata kwa muuza soda, bure. Siku ya nne leo. "Kuku" kajenga mwenyewe, tena mezani hakuna picha. Sasa kang'ang'ania aandike ng'ombe, na kile kikoma cha juu hajui akiweke wapi. Ticha, nampa kizibo cha n, cha g na cha kikoma?

Ticha_wa_Vizibo:
Hapana, andika ng' yote kwenye kizibo kimoja. Ni sauti moja hiyo, usimtenganishie.